Nyumba za mawe Pwani: Jinsi ya kufikisha intaneti hadi chumba cha ndani

MNAMO 2009, mkonga wa mawasiliano wa TEAMS uliwasili Mombasa ukitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu, baada ya kutandazwa kwa maelfu ya kilomita chini ya bahari. Mwaka uo huo mkonga wa SEACOM ukaanza kazi, na 2010 ukafuata ule wa EASSy.

Hata hivyo, kwa familia nyingi zinazoishi katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mitaa ya kale ya Lamu, safari hiyo ndefu hukomea kwenye ukuta mmoja tu. Intaneti iliyovuka Bahari Hindi bila taabu hushindwa kupenya nusu mita ya mawe na chokaa iliyo baina ya ukumbi na chumba cha kulala.

Mwandishi wa makala haya alilifahamu tatizo hili nyumbani kwa mama yake mdogo, katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale. Vyuo vilipofungwa 2020 na masomo kuhamia mtandaoni, binti wa nyumba hiyo alifanya mitihani yake akiwa ameketi kwenye ngazi, kipakatalishi magotini, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa pekee ambapo mtandao haukukatika. Familia iliongeza malipo mara mbili ili kupata kifurushi cha kasi zaidi. Mara zote mbili, ngazi iliendelea kuwa darasa.

Fundi aliyeitwa baadaye alishauri ukuta utobolewe mahali patatu na matundu yazibwe kwa saruji. Kwa bahati njema mama mdogo alikataa. Tatizo lilikuja kutatuliwa kwa waya wa mita 14 na ruta kuukuu iliyokuwa imetupwa kabatini, bila tundu hata moja. Jinsi jambo hilo linavyowezekana ndiyo maudhui ya makala haya.

Ukuta unaofanya kazi yake

Nyumba kongwe za Lamu, na nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Ukuta wa kawaida huwa na unene wa takriban sentimita 50.

Dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba ya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita tatu hivi au chini ya hapo. Aidha, vimepangwa safu kwa safu: mgeni huingilia dakani, akafika kiwandani, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho kile chumba kiitwacho ndani, ambacho kwa kawaida hakina dirisha la kutazama nje.

Waliojenga hivyo walikusudia mambo mawili: ubaridi na sitara. Ukuta unaozuia mawimbi ya intaneti leo unafanya kazi ile ile uliyojengewa, na haifai kuulaumu.

Mawimbi ya Wi-Fi ni mawimbi ya redio. Mengi husafiri kwa masafa ya gigahezi 2.4 au gigahezi 5. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, na lile la gigahezi 5 lina takriban sentimita sita. Kwa jumla, masafa ya juu hubeba data kwa kasi zaidi lakini huchoka upesi yanapokutana na kizuizi. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha mtandao wa gigahezi 5 ukiwa na nguvu tele ukumbini, kisha ukatoweka kabisa hatua nne kutoka hapo, ilhali ule wa gigahezi 2.4 ungali unapatikana, japo kwa udhaifu.

Unene si kosa pekee. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi nalo hunywa maji, na chumvi iliyomo ndani yake huvuta unyevu kutoka hewani. Maji hufyonza mawimbi ya redio. Ukuta ulioloa unazuia zaidi kuliko ukuta huo huo ukiwa mkavu.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau, nalo ni mshazari. Wimbi likiupiga ukuta wa sentimita 50 moja kwa moja, litapita katika sentimita 50 za jiwe. Likiupiga kwa mshazari wa nyuzi 45, litapita katika sentimita 70 hivi, na mshazari ukizidi kufikia nyuzi 60, jiwe la kupenya litakuwa mita nzima. Kwa hiyo ruta iliyowekwa kwenye pembe ya nyumba, ikitarajiwa kuhudumia vyumba vyote, inazitazama kuta karibu zote kwa mshazari. Hapo ndipo mafundi wengi huiweka.

Pima kabla ya kulipa

Malalamiko kwamba "intaneti ni mbovu" huficha maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Huenda kasi inayoingia nyumbani ni ndogo. Huenda pia kasi ni nzuri lakini haifiki mnakoihitaji.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Keti mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, watu wengine nyumbani wakiwa hawautumii mtandao, upime kasi kwa mojawapo ya programu za bure zinazofanya kazi hiyo. Ukiwa na kipakatalishi chenye tundu la kebo, kiunganishe na ruta kwa waya, matokeo yatakuwa ya kuaminika zaidi. Kisha nenda katika chumba cha ndani upime tena.

Ikiwa ulilipia megabiti 20 kwa sekunde na ukapata nne ukiwa kando ya ruta, mpigie simu aliyekuuzia huduma. Ukuta hauna hatia. Lakini ukipata 19 kando ya ruta na moja chumbani, basi kuongeza kifurushi ni sawa na kumwaga maji zaidi katika mfereji ulioziba. Familia niliyoitaja ililipa ziada kwa miezi mingi kabla ya mtu yeyote kufanya kipimo hiki cha dakika tano.

Baada ya hapo, chora ramani ya nyumba kwenye karatasi. Si lazima iwe nzuri. Onyesha kuta, milango, ngazi, madirisha na mahali ilipo ruta. Tembea na simu yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi na uandike tarakimu katika kila chumba.

Tarakimu hizo huandikwa kwa desibeli zilizo chini ya sufuri. Karibu na ruta utaona hasi 40 hivi. Hasi 67 inatosha mazungumzo ya video. Ikifika hasi 80, kurasa zitafunguka kwa kusitasita na simu za mtandaoni zitakatika. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila desibeli kumi zinazopotea huacha nguvu sehemu moja tu kati ya kumi. Zikipotea 20, imebaki moja kwa mia. Kwa hivyo tofauti kati ya hasi 60 na hasi 80, ambayo kwa macho yaonekana ndogo, ni kubwa mno.

Rudia kipimo milango ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi. Utaona kwamba mlango wa mbao, hata ule mzito wa kuchongwa, hauzuii sana ukilinganishwa na ukuta ulioubeba. Hilo ndilo ugunduzi wa maana kuliko yote katika nyumba ya mawe. Mawimbi hayapiti ukutani, hupita mlangoni, dirishani, kwenye ngazi na katika uwazi wa ua. Mwenye kuitazama ramani yake kwa jicho hilo ataanza kuona njia ambazo hakuwa akiziona.

Mahali pa ruta

Mara nyingi ruta huwekwa pale ambapo waya wa faiba umeingilia. Fundi huja na waya kutoka kwenye nguzo, akaupitisha dirisha la kwanza linalotazama barabara, akakifunga kifaa chini ya televisheni na kwenda zake. Amefanya kazi ndogo iwezekanavyo, na nusu ya mawimbi yanahudumia wapita njia.

Ikiwa bado hujaunganishiwa huduma, huu ndio wakati wa kusema. Mwombe fundi aufikishe waya hadi kiwandani, au hadi ukumbi wa juu unaoelekea ua. Waya wa faiba wa ndani ya nyumba ni mwembamba na unaweza kufuata ukingo wa dari kwa mita nyingi, mradi tu usikunjwe kwa pembe kali, kwani kioo kilichomo hakivumilii mkunjo. Ukishafungwa na fundi akaondoka, kumrudisha huwa ni gharama.

Kwa nini kiwanda? Kwa sababu ni shimo la hewa linalotoka sakafu ya chini hadi angani, na vyumba vingi vinalitazama. Kifaa kilichowekwa kwenye baraza ya juu, chini ya paa ili mvua isikifikie, kinaiona milango na madirisha ya orofa zote mbili bila kupambana na jiwe. Nyumba nyingi za Mombasa hazina ua wa aina hiyo, lakini zina ngazi, na uwazi wa ngazi hufanya kazi iyo hiyo. Si ajabu kwamba mwanafunzi wetu alipata mtandao hapo.

Iwekwe juu, kimo cha mtu au zaidi. Isiwe nyuma ya televisheni, wala kando ya jokofu, wala karibu na tangi la maji. Kioo kikubwa cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake na hurudisha mawimbi. Mabati vilevile. Tanuri ya mikrowevu hutumia masafa yaliyo karibu na gigahezi 2.4, na inapopasha chakula huweza kuvuruga mtandao wa masafa hayo.

Nami nina onyo moja la kienyeji. Nyumba za mawe zina zidaka, vile vishubaka vizuri vya ukutani vilivyokuwa vikipambwa kwa sahani za kaure. Ni kishawishi kikubwa kuiweka ruta humo, kwani inakaa kana kwamba kidaka kilichongwa kwa ajili yake. Usifanye hivyo. Humo imezungukwa na jiwe pande tano, na inabaki na mlango mmoja tu wa kutolea mawimbi.

Ikiwa ruta yako ina masafa yote mawili, yape majina tofauti, angalau katika siku za majaribio, ili ujue ni lipi linalofika wapi. Kwa gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu: ya 1, ya 6 na ya 11. Chagua ile ambayo majirani hawaitumii sana. Hapa mwenye nyumba ya mawe ana nafuu ambayo mkazi wa gorofa la kisasa hana: ukuta unaozuia mawimbi yako ndio unaozuia yale ya jirani.

Vifaa vya kuongeza nguvu, na hila zake

Madukani utauziwa ruta yenye antena sita au nane, ukiambiwa kwamba "inapenya ukuta". Ichunguze kauli hiyo kwa makini. Mawasiliano ya Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta husema na simu hujibu, na simu ina nguvu ndogo ya kutoa mawimbi pamoja na antena ndogo. Kumpa mmoja kipaza sauti hakumsaidii kumsikia mwenzake anayenong'ona upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana wakati mwingine simu huonyesha alama zote za mtandao na bado hakuna kinachofunguka. Isitoshe, nguvu za vifaa hivi zina mipaka iliyowekwa kisheria, na humu nchini msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano.

Kisha kuna ripita, kifaa kinachosikia mawimbi ya ruta na kuyatangaza upya. Ni cha bei nafuu na ndicho wengi hukimbilia. Kosa linalofanyika ni kukiweka katika chumba chenye kiza cha mtandao. Huko hakisikii kitu, kwa hivyo hakina cha kurudia. Mahali pake ni mlangoni, au kwenye uwazi ambako mawimbi bado yana nguvu na kutoka huko kinaweza kukitazama chumba kinachohitaji. Hata kikiwekwa vyema, ripita inayotumia chaneli moja kusikilizia na kusemea hupunguza kasi kwa takriban nusu, kwa kuwa haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja.

Mifumo ya vifaa viwili au vitatu vinavyoshirikiana, ambayo wauzaji huiita meshi, ni bora zaidi. Simu huhama kutoka kifaa kimoja hadi kingine bila mwenyewe kutambua, na baadhi ya mifumo hiyo ina masafa ya ziada ya mazungumzo ya vifaa vyenyewe. Lakini meshi haibatilishi maumbile. Kama vifaa vyake vinawasiliana hewani na baina yao pana kuta mbili za matumbawe, utakuwa umenunua ripita ya bei ghali. Ukinunua, chagua vile vyenye matundu ya kebo ili uviunganishe kwa waya.

Zipo pia adapta zinazopitisha data katika nyaya za umeme za nyumba. Unachomeka moja kwenye soketi iliyo karibu na ruta na nyingine chumbani. Wazo ni zuri mno kwa nyumba ya mawe, kwani nyaya za umeme tayari zimekwisha kuvuka kuta. Hata hivyo, katika nyumba kongwe mambo ni kama kamari. Mara nyingi orofa ya juu na ya chini zina mita tofauti za stima, na nyaya zimeungwaungwa kwa miaka mingi na mafundi wengi. Adapta hizo hufanya kazi vyema zikiwa kwenye mita moja na zikichomekwa ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuongezea. Nunua pale ambapo mwenye duka atakubali kuzirudisha. Na kama soketi zako hupata moto au kutoa cheche, mtafute fundi wa stima kabla ya kufikiria intaneti.

Waya ndio dawa

Tukirudi kwenye nyumba ya mama mdogo, ramani ilionyesha kwamba kati ya ukumbi wa barabarani na vyumba vya nyuma palikuwa na kuta tatu, na juu ya kila mlango palikuwa na nafasi baina ya kizingiti cha juu na boriti. Waya ulipitia hapo. Ulitoka kwenye ruta ukumbini, ukapanda hadi darini, ukafuata boriti, ukavuka milango mitatu na kushuka katika baraza ya nyuma. Mwisho wake ukachomekwa ile ruta kuukuu.

Kebo inayohitajika ni ile ya mtandao ya daraja la Cat 5e au Cat 6. Inabeba hadi gigabiti moja kwa sekunde kwa umbali wa mita 100, ambao ni zaidi ya nyumba yoyote ya kawaida. Uliza kama nyuzi zake ni shaba tupu. Sokoni kuna kebo za bei ya chini ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Hizo hukatika kwa urahisi, na hewa ya chumvi ya Pwani haizihurumii.

Ruta kuukuu hugeuzwa kuwa kisambazaji cha pili kwa hatua chache. Kwanza, kabla ya kuiunga na mtandao, ingia katika mipangilio yake uizime kazi ya kugawa anwani, ile iitwayo DHCP, ili nyumba isiwe na wagawaji wawili wanaogombana. Pili, ipe anwani tofauti na ile ya ruta kuu: mathalani, kama kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na uhakikishe kwamba anwani hiyo haigawiwi kifaa kingine. Tatu, weka jina la mtandao na neno la siri vile vile kama vya ruta kuu, lakini kwa gigahezi 2.4 chagua chaneli nyingine. Nne, chomeka kebo katika mojawapo ya matundu ya kawaida ya LAN, si lile la WAN linalotumiwa kuingizia intaneti. Baada ya hapo simu itahamia kwenye kifaa kilicho karibu, ingawa baadhi ya simu hung'ang'ania kile cha mbali na huhitaji kuzimiwa Wi-Fi na kuwashiwa tena.

Kifaa kikiwa kizee sana na hakikubali ulinzi wa WPA2, kisitumike. Na katika vifaa vyote viwili, badilisha neno la siri la kiwandani la kuingilia mipangilio.

Kipimo cha baadaye katika chumba cha nyuma kilionyesha hasi 52, mahali ambapo awali palikuwa na hasi 84. Kifurushi kilirudishwa kuwa kile cha kwanza, cha bei ya chini.

Usiuumize ukuta

Sasa tuje kwenye lile pendekezo la matundu matatu na saruji, kwani ndilo linaloweza kuleta hasara isiyorekebishika.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu unaoingia hutoka tena kupitia chokaa, ambayo ni laini na yenye vitundu. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi. Panapozibwa kwa saruji, maji hunaswa nyuma yake, chumvi huganda ndani ya jiwe, na baada ya misimu michache lipu huanza kububujika na kumomonyoka pembezoni mwa kiraka. Mashine ya kutobolea yenye nyundo nayo hutikisa mawe ambayo yameshikana kwa chokaa kwa zaidi ya karne moja. Jiwe moja likilegea, yaliyo juu yake huanza kukaa vibaya.

Kwa hiyo, anza na njia zilizopo. Nafasi juu ya milango, matundu ya hewa, uwazi wa ngazi, mabomba ya zamani yasiyotumika. Huko Lamu baadhi ya nyumba zimeunganishwa na wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, na familia iliyo na pande zote mbili inaweza kupitisha waya humo badala ya kuuning'iniza nje. Usiupitishe waya wa data katika bomba moja na waya wa stima.

Ikiwa hapana budi kutoboa, tundu lipite kwenye chokaa iliyo baina ya mawe, si katika jiwe, na litobolewe kwa mashine bila mpigo wa nyundo. Tundu la milimita 10 linatosha kebo isiyofungwa kichwa. Kichwa hufungwa baada ya kupita. Lizibwe kwa chokaa na mchanga. Mafundi wa chokaa bado wapo Lamu na Mombasa, na ni heri kumlipa mmoja wao kwa kazi ya nusu saa. Misumari isigongwe katika miimo ya milango ya kuchongwa. Kebo nyeupe ikifuata ukingo wa dari na kupakwa chokaa pamoja na ukuta, baada ya wiki hata mwenyewe hataiona.

Zaidi ya hayo kuna sheria. Mji wa Kale wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia 2001, na majengo yanayohifadhiwa nchini yanalindwa na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Mwenye nyumba iliyo katika eneo la hifadhi anayetaka kutoboa ukuta wa mbele au kufunga antena inayoonekana kutoka barabarani anapaswa kwanza kuuliza katika ofisi ya Makavazi ya Kitaifa iliyo karibu naye. Waya unaopita ndani ya nyumba kwa kufuata dari hauna utata huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuupendelea.

Msomaji aliye Nairobi katika gorofa la zamani la mawe asidhani kwamba haya hayamhusu. Kuta zake ni nyembamba kuliko za Lamu, lakini sakafu baina ya orofa ni zege lenye nondo, na chuma hurudisha mawimbi. Kwake, kifaa kimoja kwa kila orofa na waya unaopanda ngazi ndio mpango wenye akili.

Jambo la stima lisisahauliwe. Kila kifaa kinachoongezwa kinahitaji umeme, na stima ikipotea vyote huzimika. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, na betri ndogo za akiba za kiwango hicho huuzwa katika maduka ya tarakilishi. Iwapo una kisanduku cha faiba kilicho kando na ruta, betri ihudumie vyote viwili, la sivyo ruta itabaki ikitangaza mtandao usio na intaneti. Vipo pia visambazaji vinavyopokea umeme kupitia kebo ile ile ya data. Ukivipata, betri moja iliyo ukumbini inaweza kukihudumia hata kile cha nyuma.

Na ile ramani ya karatasi usiitupe. Ihifadhi pamoja na tarakimu zake, kisha urudie vipimo mwezi wa Mei, masika yanapokuwa yamekolea na kuta zimekunywa maji. Chumba kilichosoma hasi 65 wakati wa kaskazi kinaweza kusoma vibaya zaidi wakati huo, na tarakimu ya Mei ndiyo itakayokuambia kama kifaa cha pili kinatosha au kinahitaji kusogezwa mlango mmoja mbele.